Shangazi wa Sheffield Anajibu: Kijiji Kilichojifungia na Tauni

Toleo lililopita nilikitaja kwa mistari miwili tu kijiji cha Eyam, jirani na huku ninakoishi. Nilisema kwamba mwaka 1666 wakazi wake walijifungia ndani na tauni ili isivuke kwenda kwa majirani. Barua zilizomiminika zimezipita hata zile za viza na nauli za ndege. Basi safu nzima ya mwezi huu naiachia Eyam. Jina hutamkwa "Iim". Ukilitamka kama lilivyoandikwa dereva wa basi atakuelewa, ila atacheka kidogo.

*

*Shikamoo Shangazi. Umetuonjesha halafu ukatuacha na njaa. Hicho kijiji kiko wapi hasa, na tauni iliingiaje mahali pa mbali hivyo? Si ulikuwa ugonjwa wa London? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Eyam iko mkoa wa Derbyshire, kwenye milima ya Peak District, kilomita kama 20 kutoka mjini Sheffield. Usiwaze milima ya kwetu. Hii ni vilima vya nyasi na kondoo, vimekatwakatwa na kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila saruji. Barabara kuu ni moja, nyembamba, na nyumba za mawe ya kijivu zimebanana pande zote mbili. Zamani hizo watu walifuga, wakalima, na wengi walichimba madini ya risasi. Wala hawakuwa washamba wa kuchekwa: tangu mwaka 1588 walikuwa wamevuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka kwenye mabirika ya mawe barabarani, na baadhi ya mabirika hayo yapo hadi leo.

Kuhusu London umesema kweli, mwaka 1665 ndiko ilikokuwa ikiua kupita kiasi. Sasa pale Eyam alikuwepo mshonaji aitwaye Alexander Hadfield, akaagiza robota la vitambaa kutoka huko. Lilifika mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Aliyelifungua ni msaidizi wake, George Viccars. Vitambaa vilikuwa na unyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke. Wanaosimulia kisa hiki husema viroboto waliokuwa wamejificha kwenye mikunjo walipata joto wakaamka. Viccars akazikwa tarehe 7 Septemba 1665. Mke wa Hadfield, Mary, alikuwa na watoto wawili wa kiume wa ndoa ya kwanza, Edward na Jonathan Cooper. Ndani ya wiki chache wote wawili walikuwa kaburini. Majirani wa pembeni wakafuata. Mary mwenyewe alipona, lakini mume wake naye alikufa Agosti iliyofuata.

Nyumba hiyo bado imesimama, mita chache kutoka kanisani, na ina kibao cha kijani chenye majina ya waliofia humo. Nyumba ya jirani nayo ina kibao chake, na ya tatu vilevile.

*

*Assalamu alaykum Shangazi. Huku kwetu tunaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kuikimbia. Hao Waingereza walifunzwa na nani? Na je, ni kweli walijifungia kwa hiari, au walizuiwa kwa mitutu? – Mzee wa Langoni, Lamu*

Waalaykumu salaam, mzee wangu. Barua yako ndiyo iliyonikalisha usiku.

Hadithi hiyo ni ile aliyoieleza Abdurrahman bin Auf pale khalifa Sayyidna Umar alipofika Sargh akielekea Sham (upande wa Syria), akaambiwa kuna tauni mbele, akageuza msafara. Abu Ubaida, kamanda wake wa Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Abu Ubaida alibaki Sham na watu wake, na tauni ikamwondoa. Zimepita zaidi ya miaka elfu moja kati ya Sargh na Eyam.

England ilikuwa na desturi yake. Amri ya serikali ilikuwa kufunga nyumba: mgonjwa akionekana, mlango unapigwa kufuli, unachorwa msalaba mwekundu, anawekwa mlinzi nje. Ndivyo walivyofanya London. Jambo geni la Eyam ni kwamba kilifungwa kijiji kizima, na hapakuwa na mlinzi wa kumpiga risasi mtu anayetoka.

Lakini usidhani walikaa kikao siku ya kwanza wakakubaliana kwa kauli moja. Tauni iliingia Septemba 1665, ikapungua baridi ilipokaza, ikarudi na joto la 1666. Kufungwa kulikuja mwezi Juni, baada ya miezi tisa ya mazishi. Mwenye wazo alikuwa kasisi William Mompesson, kijana wa miaka ishirini na nane hivi, aliyefika kijijini mwaka 1664 tu. Tabu yake ilikuwa hii: watu hawakumpenda. Waliyempenda ni Thomas Stanley, kasisi wa kabla yake, aliyetolewa kazini kwa sababu ya kukataa sheria ya mwaka 1662 iliyowalazimisha makasisi wote kutumia kitabu kimoja cha sala. Stanley alikuwa bado anakaa karibu, na wengi waliendelea kumsikiliza yeye. Ni watu wawili ambao kwa siasa za siku zile hawakupaswa hata kusalimiana. Mompesson akamwendea. Wakasimama pamoja mbele ya watu wakapendekeza mambo matatu: kanisa lifungwe na ibada ihamie bondeni hewani, kila familia izike wafu wake karibu na kwake bila kungoja mazishi ya kanisa, na mtu asivuke mpaka wa kijiji. Bwana mkubwa wa Chatsworth, Earl wa Devonshire, akakubali kuwapelekea chakula na dawa ilimradi wabaki walipo.

Mimi nampa Stanley nusu ya sifa, pengine zaidi. Sanamu za maneno zote kachongewa Mompesson, lakini bila yule mzee kijana angekuwa anajihubiria mwenyewe.

Na hiari? Hapo niwe mkweli. Wenye uwezo kadhaa walikwishaondoka kabla ya Juni. Mompesson mwenyewe aliwatoa watoto wake wawili, akawapeleka kwa ndugu Yorkshire, na mke wake Catherine akagoma kuondoka akabaki naye. Maskini angeenda wapi? Husimuliwa kisa cha mwanamke wa Eyam aliyenyatia soko la Tideswell, akatambuliwa, akafukuzwa kwa kelele na kurushiwa matope. Kwa hiyo hiari ilikuwepo, ila ilikuwa ya watu ambao mlango mwingine haukuwa wazi sana. Hilo haliwapunguzii kitu. Njia za mlimani usiku zilikuwa wazi, na waliobaki walibaki.

Catherine alikufa tarehe 25 Agosti 1666, umri wake miaka 27. Yasemekana siku chache kabla walikuwa wakitembea mashambani, akasema hewa inanukia vizuri leo. Mume wake akanyamaza, kwa maana watu waliamini harufu tamu ya ghafla ni dalili ya ugonjwa. Kaburi lake liko uwanjani mwa kanisa, jiwe kubwa limelala kama meza, na ndilo pekee la wafu wa tauni utakaloliona wazi pale kanisani kwa kuwa wengine walizikwa mabustanini.

*

*Shangazi, mambo? Sisi tulipata lockdown ya korona hapa Nairobi na tuliumia. Hawa watu walikula nini, na walilipa aje kama pesa zao zina virusi? – Mwanafunzi, Nairobi*

Poa mwanangu. Virusi siyo, tauni ni bakteria, lakini swali lako ni zuri.

Kati ya Eyam na kijiji cha Stoney Middleton, upande wa chini, kuna jiwe kubwa katikati ya malisho. Juu yake limetobolewa matundu sita. Watu wa Eyam walitia sarafu humo wakazimiminia siki, kwani waliamini siki inaua sumu ya ugonjwa, wakaondoka. Wa chini wakapanda na mikate, wakachukua sarafu, wakaacha vitu. Hakuna aliyemkaribia mwenzake. Upande wa juu, barabara ya kwenda Grindleford, kazi hiyohiyo ilifanywa kwenye chemchemi ambayo sasa huitwa Kisima cha Mompesson. Pale pesa ziliwekwa majini.

Jiwe lipo, na unaruhusiwa kuligusa. Matundu yamelainika pembeni kwa vidole vya wageni, na mara nyingi utakuta watoto wa shule wamejaza senti ndani.

*

*Mama, mwamba. Nimesikia kuna hadithi ya mapenzi huko Eyam. Tupatie. – Msomaji, Bujumbura*

Ipo. Msichana aliitwa Emmott Sydall, alikaa ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ya Hadfield. Mchumba wake Rowland Torre alikuwa kijana wa Stoney Middleton. Ugonjwa ulipowaingia akina Sydall wakaacha kukutana nyumbani, wakawa wanaonana kwa mbali bondeni Cucklet Delph, mmoja upande huu wa kijito, mwingine ule, hawasemi kitu. Mwishoni mwa Aprili 1666 Emmott hakuja. Rowland aliendelea kwenda, na kijiji kilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kuuliza habari.

Kisa hicho kimechorwa kwenye dirisha la vioo vya rangi kanisani, lililowekwa mwaka 1985. Kifo cha msichana ni cha kweli, rejista ya kanisa inacho. Zile ziara za kijitoni zimeandikwa karne ya 19, na mwandishi aliyependa sana kuliza watu. Wewe kachukue nusu uipendayo.

Mimi nikitaka kulia nakwenda Riley, na nitaeleza kwenye barua ya Leicester hapo chini.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni tabibu kituo cha afya, na wewe umewahi kusema kwenu ni Lushoto. Hii tauni ya Eyam ni ileile tuliyokuwa nayo sisi? Au kila ugonjwa wa zamani walikuwa wanauita tauni tu? – Tabibu, Lushoto*

Marahaba daktari. Onga mndima, ndugu yangu. Ndiyo, ni ileile. Bakteria wake ni Yersinia pestis, aligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Wasiwasi wako wataalamu nao waliwahi kuwa nao, lakini mwaka 2016 walipima mifupa ya watu waliozikwa London katika ile tauni ya 1665, wakakuta vinasaba vya mdudu huyohuyo. Kwa kuwa robota lilitoka London, kesi imefungwa.

Wasomaji ambao si wa Usambara huenda hawajui tunachokizungumza. Kuanzia mwaka 1980 na kuendelea miaka ya 1990 tauni ilipiga vijiji vya juu Lushoto. Nakumbuka kupuliziwa dawa nyumba nzima, kitanda kikitolewa nje, na tulivyokatazwa kulala chini sakafuni kwa sababu kiroboto haruki juu sana. Mahindi tuliyaweka darini, na panya walijua njia kuliko sisi. Mtoki ukijitokeza kinenani au kwapani mtu alipelekwa hospitali mbio, akachomwa sindano ya streptomycin, akarudi. Mtu wa Eyam hakuwa na mbio za kwenda popote. Ndiyo tofauti nzima ya Lushoto na Eyam, daktari: sindano. Tabia ya ugonjwa ni moja.

Kuna jambo moja litakalokuvutia kitaalamu. Rejista ya Eyam imeandika majina na tarehe kwa uangalifu mkubwa, kiasi kwamba watafiti wa siku hizi huingiza familia hizo kwenye kompyuta kufuatilia nani kamwambukiza nani. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba robo tatu hivi ya maambukizi yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na robo tu ndiyo ya panya moja kwa moja. Ukiliangalia hilo, ule uamuzi wa kuacha kukusanyika kanisani na kila mtu kuzika wake ulikuwa na akili kuliko wao wenyewe walivyojua. Na kinyume chake pia: ndani ya nyumba moja kulikuwa hakuna pa kukimbilia. Agosti peke yake walikufa watu 78.

Jumla inayotajwa kijijini ni 260. Mompesson mwenyewe, katika barua aliyoandika Novemba 1666, alitaja familia 76 na wafu 259, kwa hiyo hawabishani kwa mengi. Kinachobishaniwa ni walikuwa wangapi kabla. Vitabu vya zamani vilisema 350, na ukitoa 260 unabaki na kijiji cha watu 90. Watafiti wa karibuni wamehesabu upya kodi na rejista wakapata watu 700 hadi 800. Kwa hesabu hiyo ni theluthi moja iliyokufa. Mimi naishika hii ya pili. Theluthi moja ya kijiji inatosha, haina haja ya kuongezewa chumvi.

*

*Shangazi, na yule kasisi kijana aliishia wapi? Alipewa uaskofu? – Msomaji, Unguja*

Wapi. Mwaka 1670 hivi alihamishiwa Eakring, mkoa wa Nottinghamshire. Waumini wapya walipojua anatoka Eyam wakamwogopa, wasitake akae kijijini. Akaishi kwanza kibandani katika msitu wa Rufford na kuhubiri chini ya mti hadi walipomzoea. Miaka minne baada ya mgonjwa wa mwisho kufa, bado watu wanamkimbia! Tuliopitia korona tunalielewa hilo.

*

*Habari Dada. Tunaishi Leicester, watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitano. Tunataka kuja Eyam siku moja mwezi wa nane. Tuanzie wapi, tule wapi, na je, kuna kitu cha watoto au ni makaburi tu? – Baba wa watatu, Leicester*

Njema kaka. Makaburi ni mengi, sikufichi, lakini watoto wa Kiingereza wanaipenda Eyam kupita kiasi kwa sababu wanaisoma shuleni. Mambo ya panya na majipu hayawachoshi.

Ukija na gari, yapo maegesho ya kulipia Hawkhill Road, na mkabala ndipo lilipo jumba la makumbusho, ambalo zamani lilikuwa kanisa la Wamethodisti. Anzeni hapo. Juu ya paa kuna kionyesha upepo cha umbo la panya, mwacheni huyo wa miaka mitano akigundue mwenyewe. Ndani ni padogo, lakini wamepanga kisa vizuri, familia kwa familia. Majira ya baridi hufungwa, ila Agosti mko salama.

Bila gari, treni ya Sheffield kwenda Manchester husimama Grindleford, mara tu ikitoka kwenye handaki refu la Totley. Kutoka hapo ni mlima, na kwa watoto ni mbali. Basi la Sheffield–Buxton ndilo rahisi, linawashusha kijijini kabisa. Angalieni ratiba ya kurudi kabla ya kushuka, hasa Jumapili.

Kutoka makumbusho shukeni barabara kuu, mgeukie kushoto. Mtapita Eyam Hall, nyumba kubwa ya familia ya Wright iliyojengwa miaka ya 1670, muda mfupi tu baada ya tauni. Ng'ambo yake, kwenye kipande cha nyasi, kuna mkatale: mbao mbili zenye matundu ya miguu, walikokuwa wakifungwa wakosaji zamani. Watoto wako wataingiza miguu humo, na wewe utapiga picha, kila mtu hufanya hivyo. Halafu zile nyumba zenye vibao. Halafu kanisa la Mtakatifu Lawrence.

Kanisani chukueni muda. Kuingia ni bure, kuna sanduku la sadaka. Nje, jirani na kaburi la Catherine, umesimama msalaba wa jiwe wa karne ya 8, umechongwa mafundo na malaika. Uutazame vizuri utaona shingo yake ni fupi mno. Ni kwamba kipande cha nguzo kilipotea, kichwa kikawekwa juu ya kilichobaki. Ukutani upande wa kusini kuna saa ya jua ya mwaka 1775. Si ya kawaida: mbali na saa za hapo ina mistari ya miji ya mbali duniani, mtu wa Eyam ajue huko sasa ni mchana wa saa ngapi. Mwaka 1775, kijijini, milimani! Sijui walikuwa wanataka kumpigia nani simu. Lakini Agosti nayo ina mawingu, kwa hiyo huenda isiwaambie kitu.

Sasa Riley. Hili nakuomba usiliache, hata kama itabidi umbebe mdogo mabegani. Unatoka kijijini upande wa mashariki, unapanda kinjia cha Riley kati ya miti, kisha miti inakwisha na shamba linafunguka. Katikati ya malisho kuna ukuta wa mawe wa duara, unamfika mtu mzima kiunoni. Ndani mna mawe ya kaburi sita yamesimama na moja limelala. Ni akina Hancock. Shamba lao lilikuwa jirani na la akina Talbot, ambao tauni iliwamaliza kwanza, na yasemekana baba Hancock aliupata ugonjwa kwa kumzika wa mwisho wao. Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666, Elizabeth Hancock alimzika mume wake na watoto sita. Peke yake. Hakuna aliyethubutu kumkaribia, wala hakuwa na nguvu za kuwanyanyua, kwa hiyo aliwafunga kitambaa miguuni akawavuta mpaka kwenye mashimo aliyoyachimba mwenyewe. Wasimulizi huongeza kwamba watu wa Stoney Middleton walimwona wakiwa mlima wa pili. Yeye hakuugua. Baadaye akaenda Sheffield alikokuwa na mtoto mmoja aliyebaki, akijifunza kazi kwa fundi.

Mawe hayo hayapo pale alipochimba hasa, yalikusanywa baadaye na kuzungushiwa ukuta. Lakini maandishi yanasomeka. Herufi za kale, S ndefu kama F, na majina: John, Oner, William, Alice, Ann. Mtoto wako mkubwa ataanza kujumlisha tarehe kwa vidole, usimzuie. Kondoo watawakaribia wakidhani mna chakula. Upande wa pili wa bonde unaonekana wote, na ndipo unapoelewa kwamba aliyekuwa anatazama kutoka kule angeona kila kitu.

Mkirudi na bado mna miguu, nendeni na kule kwenye jiwe la matundu kupitia Lydgate. Njiani mtapita makaburi mengine mawili ya 1666, ya George Darby na binti yake Mary, yamezungukwa na ukuta mdogo katikati ya nyumba za watu.

Kula: kuna vibanda vya chai na keki, na baa moja ya kijijini. Kwa nyama halali msitegemee kitu, fungeni vitu vyenu kutoka Leicester. Mwishoni mwa Agosti kijiji kina sherehe zake na huchoma kondoo mzima hadharani, harufu itawatesa, kwa hiyo shibeni mapema. Wiki hiyohiyo hupamba visima. Wanapaka udongo wa mfinyanzi ulowevu kwenye ubao mkubwa, kisha wanachomeka petali, mbegu, magome na majani, moja moja, mpaka picha inatokea. Hudumu siku chache tu kabla ya kukauka. Na Jumapili ya mwisho ya Agosti ni Jumapili ya Tauni: watu huandamana kutoka kanisani hadi Cucklet Delph, wakafanya ibada kwenye majani palepale alipohubiria Mompesson. Si lazima uwe Mkristo kusimama pembeni. Vaeni viatu vya tope.

*

*Bibie, mimi nimekaa na kusoma ulichoandika toleo lililopita nikajiuliza: si biashara tu hii? Wazungu wamegeuza msiba kuwa utalii, wanauza vikombe vyenye picha ya panya. – Msomaji, Muscat*

Vikombe vipo, ndugu yangu, na panya wa kushonwa pia. Mjukuu wangu anaye mmoja.

Lakini tofautisha mambo. Makumbusho yanaendeshwa na watu wanaojitolea, na mkusanyiko wake ulianza na mwenyeji mmoja wa hapohapo, Clarence Daniel, aliyekusanya mambo ya kijiji chake maisha yake yote, vitu vyake vikawekwa wazi mwaka 1994. Riley iko chini ya shirika la hifadhi la National Trust na hakuna lango la kulipia. Lile jiwe la matundu liko malishoni, bure. Ibada ya Jumapili ya Tauni haina tiketi. Anayetaka kuondoka Eyam bila kutumia pesa, ukiacha nauli, anaweza.

Kinachonikera mimi si maduka, ni wageni. Nyumba zile zenye vibao vya kijani, ile robota lilikofunguliwa na za jirani zake, zinakaliwa na watu. Wana watoto, wana mbwa, wana nguo wameanika nyuma. Nimemwona mtu mzima amebandika uso kwenye kioo, mikono imezunguka macho, anatafuta tauni ndani, wakati mwenye nyumba amekaa mezani anakunywa chai yake. Kibao kiko nje kwa makusudi. Kisome, piga picha barabarani, pita.